Saa Nne na Dakika Ishirini

Mumbua alihamia shule yetu ya Makongeni muhula wa pili,
na barua ya mstari mmoja: hasikii, mpokeeni.
Tukampokea. Tukamketisha mbele kabisa,
tukapaza sauti.
Nakiri, hata mimi wa hisabati nilipaza,
kana kwamba kiziwi ni mtu aliye mbali.

Nanjala hakupaza.
Jumamosi alishuka Riva Rodi kwa wauza vitabu vikuukuu,
akarudi na kijitabu cha nakala, kurasa kumi na nane hazipo,
mikono imechorwa, mishale imechorwa,
ila wino umefifia hata hujui
kidole kinapanda au kinashuka.

Usiku, mbele ya kioo cha kabati, alijifundisha.
Stima ikipotea aliwasha mshumaa,
maana lugha hii huzimika pamoja na taa.
Mumewe akauliza, unaongea na nani?
"Na mwalimu wangu," akajibu, akikionyesha kioo,
"na wala hajui kitu."

Wiki tatu.
Akaingia darasa la sita, akapangusa chaki kwenye sketi,
akainua mikono miwili, akasalimu.
Mumbua akatazama.
Akacheka kicheko tusichowahi kukisikia,
cha kutoka tumboni, kikavunjikavunjika njiani,
kisha akaja mbele, akamshika mwalimu kifundo cha mkono,
akakigeuza kidogo, hivi,
kama mtu anayefunga bomba linalovuja.

Baadaye tukafahamu:
siku zote zile Nanjala
alikuwa akisema, kwa adabu zote,
hamjambo, vitunguu.

Kioo ni mwalimu mnafiki.
Hulikubali kila kosa lako
papo hapo unapolifanya.
Na wahenga walisema kuuliza si ujinga,
hawakusema umuulize nani,
wala kwamba jibu laweza kuwa na miaka kumi na mbili
na soksi moja.

Sasa saa nne na dakika ishirini, wakati wa chai,
chumba cha walimu kinanyamaza.
Si kwa ugomvi wa ratiba, la.
Nanjala anasimama kando ya birika:
"Jana alinipa maneno matano. Chukueni,
yakilala kwangu yataoza."
Nasi tunaweka vikombe chini,
maana hii si elimu ya kushikia mandazi.

Bwana Ojwang', naibu, amebakiza mwaka astaafu,
vidole vina baridi yabisi;
herufi zake zote hufanana na ngumi.
Hakati tamaa. Anasema alifundisha Kiswahili miaka thelathini
bila kujua kuwa nyusi nazo zina sarufi.
Galgalo bawabu, ambaye hakuna aliyemwalika,
alijifunza akiwa nje ya dirisha.
Ndiye bora kupita sote.
Asubuhi langoni yeye na Mumbua
husimuliana jambo refu,
nasi tunapita, tunaokota neno moja moja
kama kuku nyuma ya wapepeta mpunga.

Juzi nilikuwa nafundisha sehemu.
Nikafika kwenye robo, mikono ikanigomea.
Kijitabu hakina; labda imo katika zile kurasa kumi na nane.
Nikamtazama Mumbua. Akanitazama.
Akaichukua chaki yangu nzima, mpya,
akaivunja mara mbili, akaivunja tena,
akanirudishia kipande kimoja
na kukifumba ndani ya kiganja changu.
Hatujui kama huko kwingine robo husemwa hivyo.
Kwetu sasa husemwa hivyo.

Kesho ni zamu yangu kando ya birika.
Nina neno hilo moja tu.
Nimelirudiarudia tangu magharibi, bila kioo,
na bado sina hakika na kidole gumba.
Nitamwuliza langoni.